Nikiufunga Muunganisho, Nitampigia kwa Sababu Gani?

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia nikiwa kazini, mlango nimeurudishia, kwa sababu jambo lenyewe siwezi kumwambia mama wala dada yangu, watanicheka kwanza ndipo waulize. Mimi ni fundi wa programu hospitalini, mfumo unaoonyesha dawa za kila mgonjwa pale dirisha la dawa ninautunza mimi, ila aliyeuandika ni mwenzangu tuliyekaa naye meza moja, tulimwita Kimya kwa sababu maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja, na ndiye aliyenifundisha kazi hii, halafu akapata kazi nchi nyingine akaondoka, na mimi nilimsaidia kubeba sanduku mpaka kwenye gari nikamwambia "safari njema" kama vile namuaga jirani.

Sasa nikueleze kidogo ili unielewe. Lugha tunayoandikia programu ina mfagiaji wake, vitu ulivyomaliza kuvitumia kwenye kumbukumbu ya kompyuta anavizoa mwenyewe bila kuambiwa, lakini muunganisho unaokwenda kwenye hifadhidata, pale taarifa za wagonjwa zinapokaa, huo si wa kumwachia yeye, maana anaufikia siku akijisikia, kwa hiyo ukiufungua unaufunga mwenyewe, hata kazi ikiharibikia katikati. Usipofunga inakuwa kama vyoo vya ofisini, mtu kaingia, katia komeo, katokea dirishani, wengine wanasubiri nje na ndani hamna mtu. Vikijaa vyote, mfumo unakwama. Na Kimya, ambaye kila siku alikuwa akiniambia "ulichofungua, funga," ameacha sehemu moja haifungwi.

Nimeiona zamani, shangazi. Dawa yake ni mstari mmoja wa programu. Lakini mfumo ulipokwama mara ya kwanza nilimpigia, akasema "zima, washa," na wakati tunasubiri uwake akaniuliza kama kikombe chake bado kipo mezani, nikamwambia kipo, akaniuliza kama mvua inanyesha huku, nikaiweka simu dirishani asikie, na tangu hapo kila ukikwama nampigia, na kila nikimpigia anapokea, na hatuna mazungumzo mengine isipokuwa hayo. Nimemkumbuka mpaka naombea mfumo ukwame.

Jana ulikwama foleni ikiwa imefika kwenye ngazi. Mama mfamasia alinifuata mezani akaniambia taratibu, "Mwanangu, nimewarudisha watu nyumbani. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, anachemka." Najua la kufanya. Lakini nikiufunga huo muunganisho, nitampigia kwa sababu gani?

Ni mimi, Asiyefunga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, kisha unisikilize, maana nitakukaripia.

Mtoto anachemka mgongoni mwa mama yake, wewe unamsikilizisha mtu mvua. Upweke naujua, mimi niliwahi kukaa na shati la mtu kabatini, nikiulizwa nasema nimeliweka la kupigia deki, na deki halikuwahi kuiona. Ila shati langu halikumnyima mtu dawa.

Barua yako nilimsomea mkwe wangu, naye ni wa kazi hiyo hiyo. Akaguna. "Mama, mtu aliyeandika mfumo mzima, akiambiwa umekwama mara ya pili tu, anajua ni nini. Angemwambia aongeze huo mstari, yakaisha." Nikamuuliza, mbona basi hakumwambia? Akaangalia chai yake. "Hilo aulizwe mwenyewe."

Usianze kushona gauni la harusi. Huenda naye anaingoja simu yako, huenda ni mvivu tu. Mimi sijui, wewe hujui, na kwa zima-washa hamtajua kamwe. Mficha uchi hazai. Na kama ni kweli mnangojana, basi wagonjwa wanasimama kwenye ngazi kwa sababu watu wazima wawili wanaoneana haya.

Kwa hiyo kesho, kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, andika huo mstari. Usimpigie kwanza kuomba ruhusa, nimeshakujua. Jaribu, hakikisha, kisha nenda kwa mama mfamasia umwambie ulijua na ukanyamaza. Ukishindwa kumtazama usoni tazama mikono yake, lakini umwambie.

Halafu mpigie Kimya, mchana, mfumo ukiwa mzima. Atauliza, "Umekwama tena?" Mjibu, "Haujakwama. Muunganisho nimeufunga. Nimepiga kwa sababu nimekukumbuka." Akisema asante kwa taarifa, utalia, kisha utakiosha kile kikombe ukirudishe kabatini watu wengine wakitumie. Ila usikimbilie kukata simu. Akinyamaza, mwache anyamaze, usimsaidie hata neno moja. Safari hii ni zamu yake.