Ukoko wa Jana

Baba watoto na wanangu,

Maharage yako kwenye friji, yapasheni moto. Wali pikeni wenyewe. Jiko la kushoto haliwaki tangu mwezi uliopita, najua hamjui.

Asubuhi shoga yangu, yule fundi cherehani, alinipigia. Tukalalamika kama kawaida yetu, yeye wateja wake, mimi sinki linalovuja. Akaniuliza jana nilikula nini. Nikamwambia ukweli. Niliwapikia kuku, lakini mimi nilikwangua ukoko, nimesimama, nikisubiri sahani zenu nioshe. Akacheka. Akasema, "Vaa, twende hotelini."

~~Vyombo acheni, nitaosha nikirudi.~~ Vyombo osheni. Na msinipigie kuuliza chumvi iko wapi.

Leo nakula nimekaa.

Mama