Sinia Lililorudi na Miiba

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanaidi, Kilwa Kivinje.

Shikamoo mama. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti la kushoto liwe limekupa nafuu ya kusali bila kushika ukuta. Mimi sijambo. Kazi ya bandarini ni ileile, asubuhi marobota ya katani, mchana magunia ya sukari, na mgongo umeshazoea. Mke wangu Asha hajambo kidogo. Mjukuu wako Zuhura ndiye aliyenifanya nishike kalamu, kwa sababu nimekuwa nikikuletea salamu za kwamba sote tu wazima, na salamu hizo zilikuwa za uongo.

Kaka Saidi, wewe unayemsomea mama, tafadhali msomee mkiwa wawili tu, na usiruke mahali.

Mama, Zuhura alikuwa ameshaanza kutembea. Alipoachishwa ziwa akaanza kunyong'onyea. Miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi, akarudi kukaa chini, hataki kucheza wala kushikwa. Majirani wakasema ni jicho. Nikamfunga hirizi, nikafukiza ubani, nikaona nimemaliza kazi ya baba. Asha ndiye aliyechoka kungoja. Siku moja akambeba mgongoni, akaondoka naye kwenda hospitali, nami nikamfuata kwa kuona haya tu.

Tulipokewa na dresa, msaidizi wa daktari, mtu mzima wa Tanga mwenye miwani. Akambonyeza mtoto mguu, kidole kikaacha shimo.

"Mtoto anakula nini?" akaniuliza.

Nikamwambia anakula vizuri, wali, ugali, muhogo.

"Na kitoweo?"

Hapo nikapanda hasira. Unanijua mama. Nikamwambia, "Bwana, kwangu samaki hakosekani! Kila siku ya Mungu napita sokoni, nanunua vibua kwa mkono wangu."

Akavua miwani. "Sikukuuliza unanunua nini. Nimekuuliza mtoto anakula nini."

Akasema tumbo la mtoto limejaa unga mtupu, na unga peke yake haujengi mwili. Tumpe samaki, choroko, maharage, maziwa, na yai tukilipata. Nikatoka pale nimefura. Tulipofika Mnazi Mmoja nikashindwa kujizuia, nikamfokea Asha mbele ya wapita njia. "Samaki ninaowaleta unawapeleka wapi? Unawagawia mashoga zako?" Watu wakageuka kututazama. Asha alimpandisha mtoto vizuri mgongoni akaendelea na safari. Mama, natamani ningeweza kuyarudisha maneno yale, lakini yalishatoka, na aliyasikia.

Nikueleze tunavyoishi hapa. Tangu nilipopanga nyumba hii niliapa kwamba baraza yangu itakuwa kama ya marehemu baba. Nikirudi kazini mkeka unatandikwa nje, sinia linatoka, na kila apitaye namwita karibu. Fundi cherehani anayekaa chumba cha mbele hakosi. Makuli wenzangu hawakosi. Wakila wananisifu kwamba kwa Abdala hakuna siku kavu, na mimi kichwa kinavimba. Nilijiona bwana mkubwa, mama, mimi mbeba magunia.

Basi Ijumaa iliyofuata, niliporudi kutoka msikitini, nikamwambia Asha, "Leo nakula ndani. Nataka niwaone hao samaki wanavyopotea." Nilikuwa nimemtegea. Nilidhani nitamkamata.

Akapakua. Vibua vilikuwa sita. Akavipanga juu ya wali, vyote sita, akamwita fundi aje achukue sinia.

"Na sisi?" nikamwuliza.

"Subiri."

Tukasubiri, mimi na yeye na mtoto, tumekaa kwenye mkeka wa uani. Nje nikamsikia fundi akimwita mtu njiani, "Karibu bwana, njoo, usiogope, hapa ni kwa Abdala!" Wakacheka, wakala, wakashukuru. Sinia likarudi. Lilikuwa na miiba, na mkia mmoja. Asha akaukwangua ule mkia kwa ukucha, ikatoka nyama kiasi cha punje ya kunde, akamtia Zuhura kinywani. Kisha akatumwagia mchuzi kwenye wali uliobaki.

"Haya, karibu baba Zuhura," akasema. "Wanapotea hivyo."

Nikamwuliza kama ni kila siku. Akasema siku wakija wageni wachache hurudi kichwa. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningeanzaje? Siku mama yako aliponikabidhi jiko alinishika mkono akanambia, mwanangu, sinia la nje lisije likamtia mume wako aibu. Wewe mwenyewe ukionja jikoni inatosha."

Nililia, mama. Nililia mbele ya mke wangu na tonge mkononi, na yeye hakunibembeleza.

Sasa tunapakua la ndani kwanza. Fundi alinitania, "Abdala, vibua vya siku hizi mbona haba?" Nikamjibu vingine viko ndani, vina wenyewe. Akacheka, halafu akaaga mapema. Zuhura anapata samaki, anapata choroko za nazi, na maziwa nikiyapata. Uvimbe umepungua, na juzi alinipokonya kipande mkononi, nikafurahi kama siku aliyozaliwa. Lakini bado hajasimama. Dresa haniambii kama atarudi kuwa sawa na wenzake, ananiambia tu nimlete tena. Asha nikimwuliza jambo ananijibu. Yeye mwenyewe haanzi kusema nami.

Msalimie mjomba Bakari seremala, mwambie kile kigoda alichonichongea bado kizima. Msalimie shangazi mkunga, na shemeji mke wa Saidi. Saidi, na wewe leo chungulia jikoni kwako kabla hujamkaribisha mtu. Nimempa jirani yenu anayerudi huko makopo mawili ya maziwa na pishi ya choroko. Ni vya mama. Visiandaliwe mgeni.

Nimebaki na jambo moja, mama, na sikuandikii kukulaumu. Tangu Ijumaa ile namkumbuka marehemu dada yetu Mwanahawa. Nakumbuka miguu yake ilivyovimba, na nywele zake zilivyogeuka rangi, mimi na Saidi tukamwita Mzungu na kumcheka. Mlituambia ni jicho lililomchukua. Sisi tulikuwa tukila barazani na baba, tukigombania vichwa vya samaki, na tukishiba tunakimbilia kucheza. Hata mara moja sikugeuka nitazame ndani.

Nijibu hili tu, na Saidi aliandike kama utakavyolisema. Sinia letu lilipokuwa likirudi, wewe na Mwanahawa mlikuwa mkila nini?

Mimi mwanao,
Abdala