Maji kwenye Kizingiti cha Stoo

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, usimsomee mtu hata mstari mmoja. Naweza kupoteza kazi yangu.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Madam Brigid, mwajiri wangu hapa Malaba, amenunua nyumba ya mzungu karibu na Amukura. Anataka kuifanya hoteli. Kesho tunawapeleka wageni wake wa Kampala kuiona. Sikumwambia kwamba naijua. Nyanya alianza pale kama yaya, akabaki kuitunza hata wazungu walipoondoka. Likizo zangu zote nililala kwenye vyumba vya watumishi. Mapera ya pale – sijala tena mapera kama yale. Harufu ya nta sakafuni. Nyanya akiimba, akianika mashuka yasiyo yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeharibu.

Mlinzi, Eriaku, ndiye aliyetutembeza. Kwenye stoo ya mawe nyuma ya jiko akasema, "Hapa mzungu alikuwa anaficha mvinyo, mpishi asimalize." Wageni wakacheka. Mimi nikafungua chupa yangu, nikamwaga maji kizingitini. Sikufikiri. Mkono ulienda wenyewe, kama zamani.

Mvinyo ulikuja baadaye. Kwanza walifungiwa watu humo, waliotekwa huku, wakingoja msafara wa watumwa wa kwenda pwani. Mzungu alizikuta kuta, akajenga nyumba yake kando. Wengi walikufa kwa kiu, Nyanya alisema. Mtu wa kwetu hapiti mlango ule bila kuwapa maji.

Mgeni mmoja akauliza, "Karani, unatuoshea sakafu?"

"Yamemwagika tu, mzee."

Lakini Eriaku alikuwa ameshavua kofia. Madam akatutazama sote wawili.

Garini akaniuliza, taratibu. Nikamwambia yote. "Basi Jumatatu stoo inavunjwa," akasema, "kabla watu wa makumbusho hawajasikia wakaja kutuzuia. Na wewe Callistus, ukiongea, tafuta kazi Uganda."

Jumapili, 10 Agosti

Sikusikia mahubiri. Mama anasema ninyamaze – wafu hawalipi kodi ya nyumba. Ni kweli. Nyanya hakujua jina la hata mmoja wao. Aliwaambia tu, "Kunyweni, wenzetu."

Jumatatu, 11 Agosti

Trekta liko getini. Mimi niko ndani ya stoo, wasiivunje. Eriaku amenifungulia, anasema hajaniona. Nampa daftari hili, alipeleke parokiani – yeyote pale atakayelisoma, aje asimame nami.

Simu nimezima. Ukifika Amukura, usipite getini. Zunguka shamba la mihogo hadi ukuta wa nyuma. Niite kwa jina ukiwa bado mbali. Nikisikia viatu tu, nitakimbia.