Safari Yako Niliyopewa Mimi

Tata,

Nimefika uwanja wa ndege mapema mno, kama ulivyotaka wewe. Ni saa nane mchana. Nimeketi karibu na lango, begi lako dogo liko kati ya miguu yangu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu safari hii tuliifanyia mazoezi kwa Kiswahili. Ulisema maofisa wa Nairobi hawana muda wa lugha yetu ya Ekegusii.

Tangu tukuzike, baba yangu, ni miezi mitano. Kile chuo cha sanaa kilichokualika ukafundishe kuchonga kilituma pole, kisha kikauliza kama kuna mtu wa nyumba hii anayeweza kuja badala yako. Mama alinitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nikikupigia mawe msasa tangu darasa la tano. Nikasema sawa. Pasipoti, sawa. Viza, sawa. Chanjo ya homa ya manjano ilinivimbisha mkono siku mbili, nikaona afadhali kuna kitu kinauma. Sijalia, Tata. Hata siku ya maziko. Akina mama wa kanisa walinishika mabega wakingoja nilie, nikawauliza kama wameshapewa chai.

Unakumbuka yale mazoezi? Meza ya sebuleni ilikuwa kaunta, sinia la chai likawa la kupitishia vitu kwenye mashine. Ulivua kofia, viatu, mshipi, ukabaki umeshika suruali kwa mkono mmoja. Mama alicheka hadi akaketi sakafuni. Halafu ukatoa kile kisu chako mfukoni mwa koti.

"Mzee, hicho hakiingii kwenye ndege," nikasema.

"Na nikitaka kumenya chungwa?"

Nilikugombeza. Kisu nimekiweka kwenye begi kubwa pamoja na patasi na tupa. Wamelipima, limepita.

Hili dogo ulilifunga mwenyewe wiki ile ya mwisho, na hatukuligusa. Lakini chuo kiliandika kwamba majani makavu hayaruhusiwi kuingia nchini kwao, na wewe ulifunga mawe kwa majani ya mgomba, kama wachongaji wote wa kwetu Tabaka. Kwa hiyo Jumapili alasiri nilikaa chini nikaanza kufungua. Mama alisimama mlangoni.

"Acha hata moja, Kemunto. Hayo mafundo ni ya mikono yake."

"Watazuia begi lote, Mama."

Nilifungua kwa kucha, sikukata kamba. Jiwe la kiboko nililijua. Bakuli la samaki nilililainisha mwenyewe. La tatu sikuwa nimewahi kuliona: mwanamke ameinama juu ya karai, anasugua kitu mapajani. Bado lina alama za patasi. Hukuniletea nilipige msasa.

"Ni wewe," Mama akasema.

Nikaangalia. Shingo ni yangu, kweli. Nilijua napaswa kuhisi kitu. Nikaenda kutafuta magazeti ya kufungia. Niliporudi, Mama alikuwa ameokota majani yote na kamba zake, ameyabeba kwa leso kwenda chumbani kwenu.

Leo kwenye mashine walilisimamisha begi. Mawe ni mazito, mashine haioni ndani. Afisa, msichana mdogo kuliko mimi, akafungua magazeti mojamoja, kwa upole. Akamwinua yule mwanamke.

"Huyu hajamalizwa, dada."

"Amemalizwa!"

Sauti ilitoka kubwa, Tata. Watu waligeuka. Msichana akamrudisha polepole, akamfunika, akaniambia pole. Sijui alijuaje kwamba nimefiwa. Nilisahau viatu vyangu pale, ikabidi aniite.

Wameanza kuita watu wa viti vya nyuma. Ngoja niseme haraka. Jiwe hilo sitalipiga msasa, wala sitamruhusu mtu alipige. Nitawaonyesha wanafunzi kila mahali patasi yako ilipopita, na nitataja jina lako kabla ya langu. Nikitua nitampigia Mama kwanza.

Ulikuwa ukinichonga lini, Tata? Nilikuwa hapo hapo mbele yako kila siku, nimeinamisha kichwa.

Pumzika. Nasimama sasa.

Binti yako,
Kemunto