Siku Nilipoiosha Bariton ya Ngoie

Jumapili, saa kumi alasiri. Jua limerudi baada ya mvua ya jana. Barabara yetu imekuwa tope jekundu tupu, na jozi tatu za viatu vya watoto zimeegemezwa ukutani zikauke. Mimi nimekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na furaha niliyo nayo hainiachi ninyamaze. Kwa hiyo naandika.

Tumeshinda!

Ila niseme ukweli tangu mwanzo: ushindi huu nusura niuharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Mnaonisoma siku zote mnaujua mlango wa jikoni kwangu. Ndio ubao wa ratiba, na chaki natoa shuleni ninakofundisha (mkurugenzi akisoma hapa, anisamehe). Chaki nyeupe ni ya Kyungu na kwaya ya watoto. Chaki ya kijani ni ya Kabange, pacha wake, ambaye hataki kusikia habari za kuimba. Huyo ni mpira tu, na msichana mwenye teke kama lake sijamwona hapa Kamina. Nyekundu ni ya dada yao mkubwa, Ngoie, na fanfare, ile bendi ya matarumbeta ya parokia yetu. Baba yao anafanya kazi ya reli kule Luena, anarudi mwisho wa mwezi. Hivyo mambo ya kupeleka, kurudisha, kushona kaptura na kuamua ugomvi yananihusu mimi na baiskeli yangu.

Ngoie ana miaka kumi na minne. Alipoomba kuingia fanfare, Papa Kasongo, chef, yaani mkuu wa fanfare, hakumkataa. Alimpa kitambaa. Mwaka mzima wavulana walikuwa uwanjani wakipuliza, na mtoto wangu yuko kwenye chumba cha vyombo vya muziki, anafungua, anafuta, anatia mafuta, anafunga. Nilichukia sana. Mara mbili nilimwambia aache. Mara zote mbili alinijibu maneno yale yale: "Acha tu, Mama. Minyi najifunza."

Halafu kijana aliyekuwa anapiga bariton akahamia Likasi na wazazi wake. Bariton ni tarumbeta kubwa la sauti nzito, unalipakata kama mtoto mchanga. Papa Kasongo akatafuta nani wa kulishika, akakuta wa kulijua vizuri ni mmoja tu.

Leo ilikuwa sherehe ya mabati mapya ya kanisa. Ngoie alipangiwa kuanzisha wimbo peke yake, kisha kwaya ya watoto iingie kwa kufuata sauti yake, maana kinanda cha kanisa hakina umeme wa kukiamsha. Akishindwa Ngoie, Kyungu na wenzake wangebaki midomo wazi. Na Papa Kasongo alishatamka mbele ya wote kwamba mambo yakiharibika, bariton inarudi kwa wavulana.

Jana ndipo alipomruhusu kulala nayo nyumbani kwa mara ya kwanza. Sharti lilikuwa moja: asiiguse mtu mwingine.

Mimi nikaigusa.

Ngoie alikuwa kwa shangazi yake anasukwa nywele. Nikaitazama ile bariton, imefubaa, ina madoa ya vidole. Nikajiambia mtoto wangu amefuta vya wenzake mwaka mzima, leo nitamfutia mimi. Nikachukua majivu na ndimu, kama ninavyofanya kwa sufuria zangu. Iling'aa, jamani! Kwa kiburi changu nikafungua na zile pistoni tatu, vile vibonyezo vya kubadilisha sauti, nikaziosha, nikazipanga kwenye kanga. Hapo hapo Kabange akaingia kutoka uwanjani, goti linavuja damu, na Kyungu naye analia kwamba atachelewa kwaya. Nikafunga goti, nikazirudisha pistoni haraka haraka, nikapanda baiskeli.

Ngoie aliporudi alinikumbatia kwa kuona ule mng'ao. Hakupuliza. Chef alikuwa ameagiza midomo ipumzike mpaka asubuhi.

Asubuhi, uwanja wa kanisa umejaa. Ngoie akaweka bariton mdomoni ajaribu sauti. Mashavu yakavimba. Pumzi ikagoma ndani, ukatoka mlio kama wa mbuzi aliyekabwa. Akajaribu tena. Wavulana wakaanza kuangaliana. Papa Kasongo akasogea, akamwita mwenye trompeti ajiandae kuchukua nafasi.

Naandika hili kwa aibu: nilinyamaza. Bariton ni ya zamani, kila mtu angesema ni uzee. Nilisimama pale na kitenge changu kipya cha kina mama, nikasubiri lawama zianguke juu ya chuma. Kisha nikaona Ngoie anatazama viatu vyake, na nikajua anaamini kosa ni lake.

Nikapita katikati ya watu. Nikasema kwa sauti kwamba ni mimi niliyeifungua na kuiosha, kwa majivu na ndimu.

Papa Kasongo akaukagua ule mng'ao. "Maman Mwalimu, sasa bariton iko sufuria?"

Kina mama walicheka mpaka wengine wakashikana mabega.

Ngoie hakucheka wala hakulia. Alipiga goti kwenye majani, akafungua pistoni moja moja bila kutazama mtu, akaziinua juani. "Mama, iko na namba! Angalia: moya, mbili, tatu. Weye ulitia ya tatu ku fasi ya mbili."

Miaka kumi na tisa nafundisha darasa la kwanza. Moja, mbili, tatu ndiyo kazi inayonilisha.

Akazibadilisha, akatia tone la mafuta kila moja, akafunga. Haikufika hata muda wa kufunga kamba za viatu. Mwenye trompeti alikuwa bado hajapangusa mdomo. Papa Kasongo akamrudisha kwenye mstari wake kwa kidole.

Kisha Ngoie akapuliza.

Sauti ile ilitoka nene, imetulia, ikapanda mpaka kwenye mabati mapya ikarudi kwetu. Alipiga mistari yote miwili ya mwanzo wa wimbo peke yake. Kwaya ya watoto ikaingia pamoja, bila hata mmoja kutangulia, na Kyungu mstari wa mbele amefumba macho kwa kujidai. Kabange akasimama juu ya benchi na goti lake lililofungwa, akipiga makofi mahali pasipohitaji makofi. Nilikuwa nimeinua simu juu, baba yao anasikiliza kule Luena. Nilipoirudisha sikioni, nilisikia mwanaume mzima anavuta kamasi.

Nililia. Nililia kwa furaha na kwa kuona haya, maana kile kitambaa nilichokichukia mwaka mzima ndicho kilichomwokoa, na mimi niliyejiona mtetezi wake ndiye niliyempa shida.

Baada ya ibada Papa Kasongo alimwita Ngoie, akamkabidhi ufunguo wa chumba cha vyombo. Alimwambia, "Kuanzia leo, bale badogo bote, weye njo utabafundisha kufungula na kufunga." Yaani wadogo wote wa fanfare sasa ni wanafunzi wake. Kisha akanigeukia, akanipa mkono kwa mikono miwili.

Tumerudi, tumekula bukari, ugali wetu wa huku, na samaki mpaka tumechoka. Mchana huu nimefuta mlango wa jikoni niandike wiki mpya, kisha nikabadili nia, nikampa Ngoie chaki. Ameandika ya Kyungu kwa nyeupe, ya Kabange kwa kijani, yake kwa nyekundu. Chini kabisa ameongeza mstari kwa chaki ya bluu, rangi ambayo haijawahi kutumika nyumbani humu:

"Jumamosi, saa tisa. Chumba cha vyombo. Mama anaanza na kitambaa."

Nitafika saa nane na nusu.