Injini Ilikataa Kuwaka

Lumemo, Ifakara
14 Agosti

Dada yangu mpendwa Digna,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta mgongo umepata nafuu, na baridi ya Songea haijakutesa kama mwaka jana. Msalimie sana shemeji. Huku mke wangu Tekla kifua kimemwachia tangu mvua zikatike, na watoto wanaendelea na shule.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Ningekupigia, ungenikatiza kwa upole wako, nami ningeishia kukuuliza habari za mahindi. Kwa hiyo nimempa mwanao Frida aje nayo, maana likizo yake imekwisha. Ametusaidia sana hapa nyumbani.

Msalaba uliotutumia umefika, na tumeusimika juu ya kaburi la mama mdogo Scolastica. Padri aliubariki, jumuiya yote ilikuja. Valeria, yule jirani yake, alilia kama vile msiba ni wa jana.

Mashine ya kukoboa inafanya kazi. Watu wanaleta mpunga mpaka kutoka Mchombe, na foleni ya baiskeli inafika barabarani. Mwezi uliopita waliniita kwenye mkutano wa kata wakanipa cheti. Mwenyekiti alisema kwamba baada ya miaka ishirini na miwili ya jeshi la wanamaji ningeweza kukaa nikala pensheni yangu, lakini nilinunua boti, nikaanzisha kikundi cha uokoaji na kufundisha watu kuogelea bila kudai chochote. Alitaja watu thelathini na mmoja niliowatoa majini kwenye mafuriko ya Aprili. Watu walisimama, wakapiga makofi. Nilikipokea cheti, dada. Nikapiga picha. Ndiyo hiyo picha uliyoniambia umeitundika sebuleni.

Fundi Maximilian hakuwepo mkutanoni. Unamkumbuka, yule mrefu wa karakana ya pikipiki, ndiye aliyekuwa akiitunza injini ya boti yetu, naye kwa kujitolea. Baada ya mafuriko watu walianza kusema kwamba fundi analewa, kwamba aliweka petroli yenye maji, kwamba mama mdogo amekufa kwa mkono wake. Wateja wakampungukia mmoja mmoja. Siku moja mkewe Ritha alikwenda kisimani, wanawake wakabeba ndoo zao wakaondoka, wakamwacha peke yake. Mwezi wa sita wakafunga karakana, wakahamia Lupiro. Mimi nilikuwa naona haya yote, na nilikuwa nakaa kimya.

Sasa dada, kama umesimama, kaa.

Nilikuambia kwa simu Aprili kwamba injini ilikataa kuwaka. Haikukataa.

Jumanne ile, saa tatu asubuhi, maji yalikuwa yameingia kwenye banda la mashine mpaka magotini. Boti nilikuwa nimeifunga mlangoni. Mimi na Kija, kibarua wangu wa mashineni, tulikuwa tunaiburuta mota ya mashine kubwa kwenye ubao ili tuipandishe botini. Mota ile ndiyo kiinua mgongo changu chote. Simu ikalia. Alikuwa Valeria. Alisema maji yamefika kitandani kwa mama mdogo, wamempandisha juu ya meza, miguu yake haimruhusu kwenda popote, na ukuta umeanza kulowa. Nilimjibu kwamba nakuja sasa hivi.

Halafu nikaitazama mota. Nilijiambia ni safari moja tu, niifikishe pale juu shuleni, kisha nigeuze. Kija sikumwambia simu ilikuwa ya nini. Tukapakia, tukaenda, tukaishusha, nikamwacha ailinde. Nilipogeuza boti nilitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika arobaini.

Nyumba yake unaijua, matofali mabichi yale. Nilikuta ukuta wa nyuma umelala majini. Valeria alikuwa ameng'ang'ania kenchi ya paa, anaita jina langu. Mama mdogo nilimtoa mwenyewe chini ya ukuta ule. Nimeokota maiti baharini, dada, ila za watu nisiowajua. Huyu ndiye aliyetulea mama alipokufa. Ndiye aliyenisindikiza stesheni siku naenda jeshini, akaniwekea samaki wa kukaushwa kwenye begi.

Tulipofika nchi kavu watu walinizunguka wakauliza nilichelewa wapi. Mdomo wangu ulisema, "Injini ilikataa kuwaka." Maximilian alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika blanketi. Alinitazama, kisha akamfunika Valeria blanketi. Mimi nikatazama chini.

Ijumaa iliyopita nilivuka daraja kwa pikipiki nikaenda Lupiro. Nilimkuta anaziba pancha za baiskeli mbele ya nyumba ya kupanga. Ritha aliniona, akaingia ndani bila salamu. Nilimweleza Maximilian yote kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza huku mikono yake inaendelea na kazi. Nilipomaliza alisema kwamba kesho yake baada ya mafuriko aliivuta kamba ya injini mara moja tu, ikawaka. Alijua tangu siku hiyo. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Ningesema, nani angeniamini?" akanijibu. "Wewe wanakuita afande. Mimi ni fundi pikipiki."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akanikatiza.

"Unanieleza ninachokijua. Waeleze wasiojua."

Hakunipa mkono, na simlaumu. Nilipokuwa nawasha pikipiki alikuwa ameshachukua tairi nyingine.

Jumapili baada ya misa nitaomba nafasi ya matangazo. Nitasema mbele ya watu, Valeria akiwepo, na cheti nitakirudisha kwa mwenyekiti. Tekla nimemwambia jana. Tangu hapo ananiwekea chakula na kuondoka. Sijui baada ya Jumapili nani atakubali kupanda boti ninayoiendesha mimi, wala nani atafundisha wengine. Maximilian angeweza, lakini nani ana uso wa kumwomba?

Nimetaka wewe usikie kwanza, kwa kuwa aliyekufa alikuwa mama yako kama alivyokuwa wangu. Sikuombi unisamehe kwa barua. Frida hajui kilichomo humu, na njia nzima atakuwa anamsifu mjomba wake. Usimkaripie. Mweleze taratibu, wewe unayejua kusema naye.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Mungu akulinde, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Hermenegildi