Ulimi wa Pishima

Jumapili, 4 Desemba 1927

Leo naapa: humu nitaandika kila kitu, hata yale ambayo hapa nyumbani hayasemwi. Mwalimu Sucharu anasema anayeficha mambo hata anapojiandikia mwenyewe hatajifunza kuandika.

Basi. Pishima, dada yake Baba, amelazwa wodi ya bure ya Hospitali ya Halsworth. Tumbo lake limevimba kama la mjamzito, naye ni mjane tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Ndiye aliyetulea, mimi na Kaka Pramatha, baada ya Mama kufa. Kanali Thackwell, daktari mkuu Mzungu, atampasua Alhamisi. Kaka anasomea udaktari palepale, mwaka wa tatu. Tuna bahati!

Shuleni tumepewa insha: historia ya Chuo cha Halsworth. Nimeanza na wanafunzi wa kwanza, wale waliogusa maiti wakati kugusa maiti kulimtoa mtu katika ukoo wake. Mmoja mama yake alimpakulia chakula nje, kwenye jani la mgomba, miaka miwili. Hakuacha masomo. Siku hizi wasichana nao wanapokelewa. Baba anasema, "Nani atakuoa ukinuka maiti?" Lakini nataka.

Jumatatu, 5 Desemba

Ekadashi, siku ya wajane kufunga. Pishima anafunga hata hospitalini – hali, hanywi hata tone. Mtihani wa hesabu. Sikwenda kumwona.

Jumanne, 6 Desemba

Nimemkuta ameketi kitandani, kifurushi mapajani.

"Narudi nyumbani kesho, mwanangu. Nimefeli."

Anacheka! Jana alasiri Kanali alipita na wanafunzi wake. Akamfungua mdomo, akawaonyesha ulimi: mkavu. Macho: yamezama. Mapigo ya moyo: dhaifu. Muuguzi mmoja Mbengali alimweleza baadaye Kanali alisema nini – figo zimekufa, kisu kitamuua mezani, apewe mwingine kitanda. Kisha akauliza kama kuna mwenye maoni tofauti.

Kimya.

Ulimi mkavu siku ya Ekadashi! Wale vijana wote ni watoto wa Kibengali. Nyumba gani ya Kihindu haina mjane anayefunga? Wote walijua!

"Kwa nini hukusema, Pishima?"

"Niseme na nani? Wananizungumzia kwa Kizungu juu ya kichwa changu kama wananunua ng'ombe."

Halafu akasema polepole kwamba Kaka alikuwepo, safu ya pili. "Shingo ile nitakosaje kuijua? Alikuwa anatazama viatu vyake."

Leo amekunywa kopo zima la maji. Nimemwambia atoe ulimi. Mbichi, mwekundu, kama wangu.

Jumatano, 7 Desemba

Baba amemleta Pishima nyumbani kwa gari la farasi. Mimi nilikwenda bweni la Kaka, nikasimama getini mpaka akatoka.

"Hapa si mahali pa wasichana. Watu wanatazama."

"Watazame. Ulijua kama amefunga?"

"Nihar, we mtoto, huelewi. Saratchandra wa darasa letu alimsahihisha Kanali jina la kijiji tu – akakatazwa kuingia wodini muhula mzima!"

"Ulijua?"

"Tulijua wote. Tulidhani mwingine atasema."

"Wengine si wa kwake. Wewe amekulisha kwa mkono wake."

Akaangalia nyuma kama kuna anayesikia. Ndipo likatoka. Rafiki zake wanaamini sisi tuna mashamba. Angesema "huyu ni Pishima wangu", wangejua shangazi yake amelala kitanda cha bure. Ameona haya! Kumwonea haya Pishima, aliyeuza bangili zake za harusi ili yeye anunue vitabu vya kwanza!

Nilimwambia akome kuniita dada yake. Nikaondoka. Sijutii.

Insha imelala mezani. Nimeandika kurasa nne za kuwasifu wale wa zamani. Walithubutu kushika maiti. Hawa wa leo hawathubutu kumsemea aliye hai. Nimekata sentensi ya mwisho iliyosema chuo hiki ni fahari yetu. Nimeikata kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

Na bado nataka kusoma pale. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Alhamisi, 8 Desemba

Leo ndiyo ingekuwa siku ya kupasuliwa. Asubuhi Pishima amejikunja jikoni, ameuma pindo la sari yake nyeupe ili Baba asisikie.

Nikamwambia Baba twende kwa Kanali. "Kanali mwenyewe amesema hapasuliki. Mimi karani nikambishie?" Akavaa viatu, akaenda ofisini.

"Niache tu," anasema Pishima. "Usimharibie kaka yako."

Simwachi. Kanali anapita wodini kesho alasiri, kisha Jumamosi anakwenda safari mpaka Januari. Muuza maziwa hupita bwenini kwa Kaka; atampelekea barua yangu. Nimeandika haya, nayanakili humu nisije nikakana:

"Kaka, Pishima anaumwa sana. Kesho utamwambia Kanali kwamba alikuwa amefunga na kwamba ni shangazi yako, au nije mimi wodini niseme mbele ya rafiki zako wote? Muuza maziwa amesimama mlangoni kwako. Mpe jibu sasa hivi: wewe, au mimi?"